Ugonjwa Upi ni Hatari Zaidi Bomani? Pima Kuenea na Ukali kwa Pamoja



Ukiulizwa ni ugonjwa gani wa mifugo unaouogopa kuliko yote, huenda ukataja ule uliomuua mnyama wako kwa saa chache mbele ya macho yako. Si vibaya kuuogopa. Lakini ugonjwa unaotisha kuutazama si lazima uwe ndio utakaomaliza zizi. Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kupima hatari ya ugonjwa kwa maswali mawili, ili ujue ni lini uchukue hatua siku hiyo hiyo na uanzie wapi.

ASUBUHI MOJA, SIMU MBILI

Kiangazi kimoja nilipigiwa simu mbili asubuhi moja. Ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja. Dume wake mkubwa alilala akiwa mzima, kulipokucha akakutwa amekufa, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na sehemu ya haja kubwa. Ya pili ilitoka kwa mama mmoja wa kitongoji cha jirani. Alisema, "Daktari, mbuzi wangu wawili wana mafua, macho yamejaa tongotongo, na mmoja ameanza kuhara." Nikamjibu, "Sawa mama, nitapita keshokutwa."

Nilikimbilia kwa mzee, na nilikuwa na sababu. Dalili zile zilikuwa za kimeta, na vijana walikuwa wameshanoa visu. Tulizuia mzoga usichunwe, tukauzika kwa kina kirefu, na ng'ombe wa eneo lile wakachanjwa. Msimu ule mzee alipoteza ng'ombe wawili tu, na hakuna mtu aliyeugua.

Kwa mama nilifika siku ya nne. Mbuzi wake walikuwa wameendelea kunywa kwenye birika moja na mbuzi wa maboma mengine matatu. Ugonjwa ulikuwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Mama yule alikuwa na mbuzi 60. Mvua zilipoanza alibaki na 19, na wale waliokufa ndio waliokuwa wauzwe kulipia mahitaji ya shule ya watoto wake.

Kwenda kwa mzee kwanza halikuwa kosa. Kosa langu ni kumwambia mama "keshokutwa" bila kuongeza maneno machache: "Leo usiwapeleke mbuzi birikani, na hao wawili watenge." Maneno hayo yangechukua nusu dakika. Niliyasikia mafua ya mbuzi wawili nikayaona madogo, kwa sababu nilipima ukali wa kilichokuwa mbele yangu bila kupima kasi ya kuenea kwake.

MASWALI MAWILI YA KUJIULIZA

Kila unapoona mnyama mgonjwa, jiulize:

1. Ugonjwa huu unaweza kuwafikia wanyama wangapi? Huku ndiko KUENEA.
2. Kati ya watakaofikiwa, wangapi watakufa, watatupa mimba, watakauka maziwa au watakonda? Huu ndio UKALI.

Hatari ya ugonjwa ni majibu hayo mawili yakizidishwa, si jibu moja peke yake. Tuchukue mifano ya makundi yenye wanyama 100 ambao hawajachanjwa. Hesabu hizi ni za kukusaidia kuelewa. Bomani kwako zinaweza kupanda au kushuka.

Kimeta. Kinaua karibu kila ng'ombe anayekipata. Lakini kwa kawaida hakipiti kutoka kwa ng'ombe mzima kwenda kwa mwenzake. Ng'ombe hukiokota ardhini anapolisha penye mbegu za ugonjwa. Tuseme katika kundi la 100 wamekipata 3: wanakufa wote 3.

Ugonjwa wa miguu na midomo. Unaingia leo, na baada ya wiki mbili tatu karibu zizi zima linachechemea na kutoa udenda. Tuseme wameugua 90. Ng'ombe wakubwa wanaokufa ni wachache, labda 2. Ukihesabu mizoga tu utasema ni ugonjwa mwepesi.

Sotoka ya mbuzi na kondoo. Inaenea kwa kasi na pia inaua. Tuseme wameugua 80, na nusu yao wamekufa: mizoga 40. Mahali ambapo haijawahi kufika, vifo vinaweza kuzidi hapo.

Homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo Wamaasai huiita olkipiei. Inaenea polepole lakini haichoki. Tuseme katika miezi kadhaa wameipata 50 na wamekufa 20. Hakuna siku utakayoona mizoga 20 kwa pamoja, na ndiyo maana wengi huchelewa kushtuka.

Unaona kwamba kimeta, chenye ukali kuliko yote hayo, hapa ndicho kimeua wachache. Lakini usikidharau kwa hesabu hiyo. Kimeta kinaua watu wanaochuna na kula nyamafu, na mzoga ukipasuliwa, mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Kisu cha mchunaji ndicho kinachoongeza kuenea kwake.

MADHARA SI VIFO TU

Turudi kwenye ugonjwa wa miguu na midomo. Tuseme una ng'ombe 20 wanaokamuliwa, kila mmoja anakupa lita 2 kwa siku baada ya ndama kunyonya. Wakikauka kwa wiki tatu, umepoteza lita 840. Hayo ni maziwa ya watoto na ya kuuza. Ongeza maksai wasioweza kulima wakati mvua imeshanyesha, majike yaliyotupa mimba, na ndama. Ugonjwa huu unaowaachia wakubwa unaweza kuwaua ndama kwa ghafla, kwa sababu unashambulia moyo. Kati ya ndama 15, wakifa 3 tu, umepoteza sehemu ya kundi lako la miaka ijayo.

Kwa hiyo unapojibu swali la pili, hesabu mizoga pamoja na maziwa, mimba, kazi na bei ya mnadani. Hasara ndogo kwa kila mnyama, ikiwafikia wanyama wote, inakuwa hasara kubwa kwa nyumba nzima.

HESABU YA KUENEA

Wafugaji wengi husema, "Kwa sasa anaumwa mmoja tu, tusubiri." Tuone kusubiri kunagharimu nini.

Tuseme mbuzi mmoja mwenye sotoka anawaambukiza watatu, na kila hatua inachukua siku tano hivi. Leo ana ugonjwa 1. Siku ya tano wanaongezeka 3. Siku ya kumi wanaongezeka 9. Siku ya kumi na tano wanaongezeka 27. Ukijumlisha, wameshaugua 40. Zizi la mbuzi 60 halifiki hata siku ya ishirini na tano bila wote kufikiwa. Nusu wakifa, ni mbuzi 30.

Sasa tuseme siku ya tano umetenga wagonjwa, umezuia kundi lisiende birikani, na mchungaji hagusi wagonjwa kisha wazima. Kuanzia hapo kila mgonjwa anamwambukiza mmoja tu badala ya watatu. Wanaougua ni 1, kisha 3, kisha 3, kisha 3, kisha 3. Kufikia siku ya ishirini wameugua 13. Nusu wakifa, ni 6 au 7.

Ugonjwa ni ule ule. Ukali wake haukupungua, na hukuwa na dawa ya kumponya hata mbuzi mmoja. Ulichobadilisha ni idadi ya waliofikiwa. Ugonjwa ukishaingia, ukali wake kwa kiasi kikubwa hauko mikononi mwako, hasa kwa magonjwa ya virusi yasiyo na dawa. Kuenea kuko mikononi mwako.

"UGONJWA UNAOUA HARAKA HAUSAMBAI": SI KWELI SIKU ZOTE

Kuna msemo vijijini kwamba ugonjwa unaoua haraka unajimaliza wenyewe, kwa sababu mgonjwa anakufa kabla ya kuambukiza. Kwa baadhi ya magonjwa kuna ukweli kidogo. Lakini cha kuangalia ni muda ambao mnyama anatoa ugonjwa huku bado anatembea na wenzake.

Mbuzi mwenye sotoka huanza kuambukiza karibu na siku homa inapopanda, kabla makamasi hayajawa mazito na kabla hujamtilia shaka. Anakohoa, anachangia birika, analala amebanana na wenzake. Mpaka anakufa, siku tano hadi kumi baadaye, ameshafanya kazi yote ya kusambaza.

Homa ya mapafu ya ng'ombe ni mbaya kwa njia nyingine. Ng'ombe anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuonyesha dalili. Na anayeonekana amepona anaweza kubaki na uvimbe ndani ya pafu uliofunika vimelea vilivyo hai. Unamnunua mnadani amenenepa, unamweka zizini, na baada ya miezi ndipo unasikia kikohozi. Sindano zinaweza kumtuliza bila kumsafisha. Ndiyo maana ng'ombe "aliyepona" homa ya mapafu hafai kuuzwa kwa mfugaji mwingine. Zungumza na daktari wa mifugo wa wilaya kuhusu kumpeleka machinjioni.

Mfano mwingine uko mlangoni kwako: kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea, mbwa au mtu anakufa, karibu bila kuokoka hata mmoja. Lakini kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huwaambukiza mbwa wachache sana, mmoja au zaidi kidogo. Kwa sababu kuenea kwake ni kudogo, kuchanja mbwa 7 kati ya 10 wa kijiji kunatosha kuukata. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

JUA NJIA YA UGONJWA KABLA YA KUUZUIA

Kutenga wagonjwa hakufai kwa kila ugonjwa. Lazima ujue unapita wapi.

Unapita kwa pumzi, makamasi, udenda na kinyesi (sotoka ya mbuzi na kondoo, homa za mapafu, miguu na midomo): tenga wagonjwa, zuia kuchanganya makundi malishoni na majini. Ugonjwa wa miguu na midomo unabebwa pia na viatu, nguo, magari na maziwa, kwa hiyo zuia na wageni wasiingie zizini.

Unapita kwa kupe (ndigana kali, oltikana): ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Kumtenga peke yake hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni josho kwa ratiba, dawa ya kupe iliyochanganywa kwa kipimo sahihi, na chanjo ya ndigana kali kwa ndama, ambayo hutolewa mara moja.

Uko ardhini na kwenye mzoga (kimeta): usipasue, usichune, usile, usiwape mbwa. Zuia mifugo na watoto wasisogee, toa taarifa, na wanyama wazima wachanjwe.

KWA NINI TUNAOMBA MBUZI WENGI WACHANJWE, SI WACHACHE

Rudi kwenye hesabu ya mmoja anayeambukiza watatu. Kama katika kila mbuzi watatu anaokutana nao wawili wamechanjwa, anabaki mmoja tu wa kuambukizwa. Ugonjwa hauongezeki tena. Ukichanja zaidi ya hapo, kila hatua inakuwa ndogo kuliko iliyopita, mpaka ugonjwa unakosa mahali pa kwenda.

Sotoka inaweza kuambukiza zaidi ya watatu, ndiyo maana tunaomba walau mbuzi na kondoo 8 kati ya 10 wachanjwe. Mfugaji anayeleta nusu ya kundi na kuficha nusu nyingine "aone kwanza" anaiachia sotoka njia, kwake na kwa jirani. Chanjo yake ni ya muda mrefu, miaka mitatu na zaidi, kwa hiyo kila mwaka kazi kubwa ni kuwafikia wale waliozaliwa baadaye. Wachanje wakitimiza miezi minne. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe hurudiwa kila mwaka. Ya miguu na midomo hudumu miezi michache na lazima ilingane na aina ya virusi iliyopo, kwa hiyo usinunue kiholela.

SOTOKA YA NG'OMBE ILIISHAJE?

Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao kuhusu sotoka ya ng'ombe iliyopita Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Iliingia kupitia pembe ya Afrika na katika muda wa miaka kumi hivi ilikuwa imefika kusini mwa bara. Iliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe ilimopita, na njaa ikafuata. Wamaasai wanakiita kipindi kile Emutai, yaani maangamizi. Ule ulikuwa ugonjwa wenye mambo yote mawili, kuenea kwa kasi na ukali wa kuua.

Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka duniani. Haikupata dawa mpaka mwisho. Ng'ombe wa mwisho kuugua hakuwa na tiba kuliko wa 1890. Ilishindwa kwa sababu ilinyimwa ng'ombe wa kumfuata. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake ilitumika kwa wingi, wafugaji wenyewe walijifunza kuchanja na kutoa taarifa, na makundi yaliyobaki na ugonjwa yakatafutwa moja baada ya jingine.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni ndugu yake. Kwa upande wetu ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 na kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Lengo la dunia ni kuitokomeza nayo ifikapo 2030. Njia ni ile ile.

KUHUSU KUFICHA UGONJWA NA KUUZA HARAKA

Tuseme ukweli. Mfugaji anaogopa kutoa taarifa kwa sababu mnada utafungwa na atakosa pesa ya chakula. Karantini inauma, nami nimekaa na wazee wakinieleza hivyo kwa hasira. Lakini pima kwa maswali yale yale mawili. Ukitoa taarifa siku ya tano, ugonjwa uko katika boma moja na karantini inaweza kuwa ya eneo dogo. Ukiuza wagonjwa mnadani, umeupeleka katika vijiji vingi kwa siku moja. Utarudi kwako kupitia birika na malisho, na karantini itakuwa ya wilaya nzima. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji kutoa taarifa.

Kuhusu mbuzi wa zawadi, wa mahari au wa ndugu aliyehamia: mpokee ndugu, mpe chai, lakini mbuzi wake wakae mbali na wako wiki tatu. Mweleze sababu. Hilo halivunji undugu, na linalinda mbuzi wake pia.

LA KUFANYA LEO, KABLA AFISA MIFUGO HAJAFIKA

1. Tenga mgonjwa na wale wanaolala naye karibu, upande ambao upepo na maji havielekei kwa wazima.
2. Mchungaji ahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha anawe mikono na kusafisha viatu.
3. Usipeleke kundi kwenye birika au malisho ya pamoja. Chota maji uyalete.
4. Usiuze, usigawe, usihamishe mnyama yeyote.
5. Aliyekufa ghafla akitoa damu asipasuliwe.
6. Piga simu kwa afisa mifugo au mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Taja mambo matano: aina ya mnyama, dalili, wangapi wanaumwa, wangapi wamekufa, na siku ulipoona wa kwanza.
7. Waambie majirani mnaochangia maji.
8. Usichome sindano kwa kubahatisha. Dawa za bakteria haziui virusi, na zinaweza kuficha dalili.

Wanaume wakiwa mbali na mifugo, akina mama na watoto ndio wanaoona makamasi ya kwanza wakati wa kukamua. Kipeperushi hiki kisomwe nyumbani, na anayeona wa kwanza awe na ruhusa ya kutenga na kupiga simu bila kumsubiri mwenye boma.

Usisubiri mnyama wa kumi ndipo uamini. Kumtenga wa kwanza ni kazi ya asubuhi moja, na huhitaji kumsubiri daktari kuifanya.